Misuli Inayopotea Kitandani
Mgonjwa wa UVIKO-19 kali aweza kurejea Mkalama au Manyoni akiwa anapumua vizuri, lakini asiweze kuinuka chooni pasipo kushikwa. Nyumbani hudhaniwa ugonjwa umerudi. Kumbe kilichopungua ni misuli. Hata kabla ya janga hilo, utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kwamba wagonjwa mahututi hupoteza karibu asilimia 18 ya msuli wa mbele wa paja ndani ya siku 10. Deksamethasoni, ingawa huokoa maisha, nayo huweza kuudhoofisha.

Ndugu, kwa huruma, humlaza na kumnywesha uji mtupu wa uwele, huku mayai ya kuku wa kienyeji, fahari ya Singida, yakipelekwa mnadani. Huruma hiyo humchelewesha. Ale mayai, kunde na dagaa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi. Asimame kutoka kitini mara chache, asubuhi na jioni, akiongeza polepole. Akibanwa kifua, akisikia kizunguzungu au pumzi zikimwishia, aache na kurudi kituoni.

Wahudumu wasisubiri siku ya ruhusa: hali ikishatulia, mgonjwa huketishwa ukingoni mwa kitanda hata akiwa bado kwenye oksijeni.