Mke na mume waliomvua Altmann jina la bandia

Mwaka 1971 mwendesha mashtaka wa Munich, Ujerumani Magharibi, alilifunga jalada la Klaus Barbie, mkuu wa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, mjini Lyon, Ufaransa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ufaransa ilikuwa imeshamhukumu kifo bila mwenyewe kuwepo. Waliokataa yaishie hapo hawakuwa polisi, bali mke na mume wa Paris, Serge na Beate Klarsfeld.

Serge ni Myahudi aliyezaliwa Bucharest mwaka 1935. Mwaka 1943, mjini Nice, alijificha na mama na dada yake nyuma ya ubao wa kabati huku baba akijisalimisha ili msako usiendelee. Baba huyo alifia katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Beate ni Mjerumani wa Berlin, binti wa mtu aliyepigana katika jeshi la Hitler. Alikwenda Paris kulea watoto wa watu, wakakutana mwaka 1960 na kuoana mwaka 1963. Kwangu mimi, ndoa hiyo peke yake ilikwisha kuwa jibu kwa Hitler.

Waligawana kazi: Serge alizama kwenye nyaraka, Beate akaenda kupiga kelele mlangoni. Alifika Munich na mama aliyepoteza wana watatu kati ya watoto 44 wa Kiyahudi ambao Barbie aliwakamata kijijini Izieu tarehe 6 Aprili 1944. Mama huyo alitangaza kwamba hatakula mpaka jalada lifunguliwe. Likafunguliwa. Tena mwendesha mashtaka akatoa picha ya wafanyabiashara wakiwa pamoja nchini Bolivia. Mmoja alifanana mno na Barbie.

Mtu huyo alijiita Klaus Altmann, na akakana kila kitu. Kilichomuumbua ni familia yake. Mke wa Altmann na mke wa Barbie waliitwa Regine wote wawili. Watoto wa Altmann, binti na mwana, walikuwa na majina ya kwanza na tarehe za kuzaliwa zilezile za watoto wa Barbie. Jina la ukoo hubadilishwa kwa karatasi moja, lakini siku ya kuzaliwa mtoto anaijua yeye mwenyewe.

Mapema mwaka 1972 Beate alisafiri hadi La Paz, Bolivia. Utawala wa kijeshi haukumsikiliza, akarudi tena huko na mama mwingine aliyepoteza watoto Izieu, wakajifunga minyororo kwenye benchi mchana kweupe. Hata hivyo Barbie aliendelea kulindwa miaka mingi. Wamarekani nao walikuwa wamemtumia kama jasusi baada ya vita, kisha wakamsaidia kutoroka. Waliomba radhi mwaka 1983. Mwaka 1979 gari la akina Klarsfeld lililipuliwa kwa bomu. Hawakuacha.

Serikali ya kiraia iliporudi Bolivia, Barbie alikabidhiwa Ufaransa Februari 1983. Mahakamani Lyon, mwaka 1987, Serge alisimama kama wakili wa familia za Izieu. Telegramu ambayo Barbie alituma Paris jioni ya ukamataji ule, ikiripoti watoto, ilikuwa miongoni mwa ushahidi mzito kuliko wote. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akafia kizuizini Lyon mwaka 1991.

Nyumba ya Izieu ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994. Atakayefika Ufaransa aende akayasome majina ya watoto wale 44.