Jinsi panya walivyofichua siri ya sumu ya mahindi

KUFIKIA Julai 20, 2004, watu 317 walikuwa wameugua nchini Kenya na 125 miongoni mwao kufariki baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Walioathirika zaidi walikuwa wakazi wa Makueni na Kitui.

Ajabu ni kwamba ini la panya mdogo, yule yule anayeguguna magunia ghalani, huistahimili sumu hiyo. Wanasayansi wamejua sababu kwa kumpokonya kinga yake.

Aflatoksini hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Inapoingia mwilini, ini hujaribu kuivunjavunja, lakini katika hatua ya kwanza huigeuza kuwa kemikali kali zaidi inayojibandika kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Seli zikiharibiwa kwa wingi, ini hushindwa kufanya kazi na mgonjwa hufa. Madhara yakiwa ya pole pole, huweza kuzaa saratani baada ya miaka mingi.

Hata hivyo, mwili una ngao. Ndani ya seli mna glutathioni, kemikali inayozuia uharibifu wa seli. Vimeng'enya vya jamii ya GST huiunganisha na sumu, nayo sumu hupoteza makali na kutolewa nje kupitia nyongo na mkojo. Ini la panya mdogo lina kimeng'enya kimoja hodari mno katika kazi hii, kiitwacho GSTA3.

Ili kuthibitisha hayo, watafiti walizalisha panya wasio na jeni ya kutengeneza kimeng'enya hicho. Mbinu ya kuzima jeni moja ndani ya panya ndiyo iliyowapa Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2007.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa bayana. Baada ya kupewa aflatoksini, panya hao walikuwa na madhara ya DNA kwenye ini takriban mara 100 kuliko wenzao wa kawaida, na maini yao yakaharibika vibaya. Kuondolewa kwa jeni moja tu kuliwavua kinga yote.

Binadamu naye anazo GST, lakini zake ni dhaifu sana dhidi ya sumu hii. Kwa hivyo, panya kunusurika si hakikisho kwamba mahindi ni salama kwa mlaji. Wala kuyachemsha hakusaidii, kwani aflatoksini huhimili moto wa jikoni.

Kinga ya mkulima, basi, haimo mwilini bali shambani na ghalani: kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, kuyakausha hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, na kuyatupa yaliyoota ukungu.