Mgonjwa wa Baridi Yabisi Hupimwa Saa Isiyo Yake

Jina la maradhi haya katika lugha yetu lina ukweli nusu. Neno yabisi linasadifu, kwa maana viungo hukauka na kukakamaa kama kuni. Lakini neno baridi limewapotosha wengi, wakadhani kwamba chanzo ni umande au sakafu ya saruji, na kwamba tiba ni sweta na mafuta ya kuchua. Baridi yabisi ninayoizungumzia hapa ni ile ya uvimbe, ambapo kinga ya mwili, badala ya kupambana na viini kutoka nje, huugeukia utando wa ndani ya viungo na kuushambulia. Huwapata zaidi wanawake, na aghalabu wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi.

Mimi ni mmoja wao, na ni mwalimu. Nisingeyaleta haya gazetini lau yaliyonifika yangekuwa yangu peke yangu.

Dalili kuu ya ugonjwa huu ina saa yake. Mgonjwa huamka alfajiri vidole vikiwa vimekaza, hawezi kufunga kifungo wala kushika kikombe. Hali hiyo huweza kudumu saa nzima au zaidi, kisha hulegea kadiri anavyojongea huku na huku. Sasa itazame safari yake hospitalini. Hutoka nyumbani gizani, akapanga foleni ya kadi, foleni ya malipo, foleni ya kupimwa damu, na kumfikia tabibu yapata saa sita mchana. Wakati huo vidole vimekunjuka! Tabibu huishika mikono, akaiona inafumba na kufumbua, akamwandikia vidonge vya maumivu. Foleni yenyewe imeufuta ushahidi.

Kwa muda wa miezi kumi na minne nilitibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha brusela, kwa kuwa nilitaja kwamba kwetu kuna ng'ombe. (Na ni wangapi kati yetu ambao kwao hakuna ng'ombe?) Katika muda huo wote hakuna aliyeniuliza: asubuhi mikono yako huwaje? Swali hilo halihitaji mashine wala umeme. Kipimo cha damu nacho hakitoshi, maana wapo wagonjwa ambao damu yao haionyeshi chochote ilhali viungo vinaliwa. Hao huambiwa hawana kitu, na wakirudi nyumbani husingiziwa uvivu au kurogwa.

Kuchelewa huku si jambo dogo. Uvimbe usiozimwa hula gegedu na mfupa, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya kuuzuia ipo, nayo ni methotreksati, ambayo ilianza kama dawa ya saratani na ikaidhinishwa nchini Marekani kwa baridi yabisi mwaka wa 1988. Humezwa siku moja tu katika juma; kuimeza kila siku kwaweza kuua. Bahasha yangu ya kwanza iliandikwa "1x1", yaani kimoja kila siku, bila neno jingine. Muuguzi mmoja wa makamo ndiye aliyeitazama, akaichana, akanieleza kwa Kiswahili chepesi. Madaktari bingwa wa maradhi haya nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Kwa hivyo maisha ya mgonjwa wa mashambani yamo mikononi mwa tabibu wa zahanati na mtoaji dawa. Hao ndio wanaopaswa kufunzwa kwanza.

Wenzangu walimu nao wana sehemu yao, kwani maradhi ya jamii hii huwapata watoto pia. Mwanafunzi huchelewa mstarini, huandika polepole kipindi cha kwanza, na saa kumi alasiri akaonekana akicheza mpira. Mara ngapi mtoto wa namna hiyo ameadhibiwa? Afadhali aulizwe juu ya magoti yake na vifundo vya mikono, na mzazi aitwe.

Siku hizi nina daftari. Kila asubuhi huandika saa niliyoamka na saa niliyoweza kufunga vifungo vya blauzi bila kusaidiwa. Daktari anayenitibu sasa hulisoma kwanza, ndipo akaigusa mikono yangu.