Mahali na Wakati katika Elimu ya Feng Shui

Maana ya maneno haya ya Kichina ni upepo na maji. Ndiyo elimu ya kuchagua mahali pa kujenga nyumba na pa kuzika wafu. Kitabu cha Mazishi, kinachosemwa kuwa ni cha Guo Pu (276–324), chafundisha ya kuwa pumzi ya uhai iliyomo ardhini, iitwayo qi, hutawanywa na upepo na kuzuiwa na maji.

Basi kwanza hutazamwa umbo la nchi. Mahali pema pana mlima nyuma, vilima kushoto na kulia mfano wa mikono imkumbatiayo mtu, na mbele uwanja wazi wenye maji yapitayo polepole.

Lakini mtu asidhani kwamba umbo latosha. Wafuatao hesabu ya Nyota Zirukazo huigawa miaka 180 katika zamu 9, kila zamu miaka 20. Zamu ya tisa ilianza mwaka 2024, nayo itakwisha 2043. Nyota hizo si za mbinguni, bali ni hesabu za 1 hata 9. Mtaalamu hupima kwa dira upande nyumba inakoelekea, kisha kwa kuifuata zamu iliyojengwa huzipanga nyota katika vyumba 9 vya mraba. Kila chumba kina nyota ya mlima, isimamiayo afya na uzao, na nyota ya maji, isimamiayo mali.

Hapo ndipo mambo mawili yakutanapo. Nyota ya mlima yenye nguvu katika zamu ile yataka mlima wa kweli, na ya maji yataka maji. Ya kwanza ikiangukia nyuma penye mlima, na ya pili mbele penye mto, nyumba husemwa kuwa njema. Zikibadilishana, ya mlima huzama mtoni, na ya maji hupanda mlimani. Mahali pazuri kwa macho huwa pa hasara. Lakini kama mto uko nyuma na mlima mbele, mpango uo huo wafaa.

Katika mazishi pia siku hutafutwa ipatane na mahali. Sima Guang (1019–1086), waziri na mwandishi wa tarikh, aliwalaumu watu walioacha wazazi wao bila kuzikwa miaka mingi, wakingoja mapatano hayo. Tusidhani kuwa hawakuwapenda. Walichelea kwamba kosa moja la mahali au la saa litawaangukia watoto na wajukuu.