Muziki wa ghadhabu waweza kuituliza hasira

KATIKA mtaa wa Langas, jijini Eldoret, ghadhabu si neno geni. Mtaa huo wa makabila mengi ni miongoni mwa maeneo yaliyokumbwa na ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Mzazi wa huko anayemsikia mwanawe akifungulia kwa sauti ya juu nyimbo za wasanii wanaofoka ana sababu ya kuingiwa na wasiwasi.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 unatoa picha tofauti. Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwataka mashabiki 39 wa muziki wa vishindo wasimulie mambo yaliyowaudhi maishani. Kisha baadhi yao walisikiliza nyimbo walizojichagulia kwa dakika 10, wengine wakakaa kimya. Muziki haukuwapandisha mori. Mioyo ya wasikilizaji iliendelea kwenda mbio, lakini uhasama ulipungua, nao wakajihisi wamepata ari.

Waimbaji wa taarabu ya mipasho wangecheka kuambiwa kwamba huo ni uvumbuzi. Mwenye uchungu asiyejua aanzie wapi kusema hupata wimbo unaomsemea, akatambua kuwa hayuko peke yake. Ndivyo kundi la Kalamashaka kutoka Dandora, Nairobi, lilivyowagusa vijana wengi mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kibao 'Tafsiri Hii', kilichosimulia kwa Kiswahili ugumu wa maisha mitaani.

Lakini si kila namna ya kutoa hasira huipunguza. Mwaka 2002, mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani alibaini kwamba waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kukasirika. Kwa hivyo, wimbo unaolalamikia dhiki haufanani na ule unaomwonyesha msikilizaji adui wa kushambulia. Eldoret inaijua tofauti hiyo: ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka 2008 ilivinyoshea kidole baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kienyeji kwa kuchochea chuki.

Ikumbukwe pia kuwa waliopimwa Queensland walikuwa wapenzi wa muziki huo. Jirani anayeuchukia, na anayelazimika kuusikia usiku kucha kupitia ukuta wa mabati, hakupimwa.