Kuyapima Masikio Yako Nyumbani

Mwanafunzi asiyesikia vema huitwa mvivu au mkaidi kabla mtu hajafikiri juu ya masikio yake. Mwalimu asema “sisi”, yeye asikia “fisi”, na darasa zima lacheka. Mwenyewe hajui kwamba ana upungufu, maana hajapata kusikia kwa masikio ya mwingine. Basi yafaa kila mtu ajipime, na mwenye simu na hedifoni aweza kuanza nyumbani.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio zima la kijana husikia tangu mitetemo 20 hivi kwa sekunde mpaka karibu 20,000, lakini hospitali hupima zaidi tangu 250 mpaka 8,000, kwa kuwa humo ndimo yalimo maneno ya watu. Herufi kama s na f zimo katika sauti nyembamba. Makelele huharibu hasa upande huo, mara nyingi kuanzia penye mitetemo 4,000 hivi.

Ziko programu za simu zitoazo sauti hizo moja moja. Tafuta chumba kimya. Usiku ni bora. Anza na sauti unayoisikia, ipunguze mpaka ipotee, kisha uipandishe kidogo kidogo mpaka irudi. Hapo ndipo mpaka wako. Pima sikio moja, halafu la pili. Ukiona la kushoto limeshindwa, usihuzunike bado: geuza hedifoni, ya kulia iwe kushoto. Upungufu ukihama pamoja na hedifoni, kibovu ni chombo. Ukibaki pale pale, ni sikio.

Programu ikikuambia umepata desibeli 25, usiiamini sana tarakimu hiyo, kwani haijui hedifoni zako zina nguvu gani. Chombo cha hospitali husahihishwa kwa vipimo, chako sivyo. Kwa sababu hiyo mimi napendelea mtihani wa tarakimu, kama ule uitwao hearWHO, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Humo sauti hutaja tarakimu tatu katikati ya uvumi kama wa mvua juu ya bati, nawe huziandika. Kinachopimwa ni tofauti baina ya maneno na uvumi, hivyo hedifoni za bei ndogo hazidhuru sana. Lakini ikiwa lugha yake huizoei, utaanguka kwa lugha wala si kwa masikio.

Hata asiye na hedifoni aweza kujaribu. Funga midomo, uvume “mmm”, kisha ziba sikio moja kwa kidole: uvumi utahamia sikio lililozibwa. Basi mtu ambaye uvumi wahamia upande mmoja bila kidole, na upande huo ndio asikiao vibaya, huenda sikio lake limezibwa na nta tu. Hilo lina dawa, nayo si njiti ya kiberiti.

Aliyesikia vema jana, na leo sikio moja limekufa ghafula, asijipime kwa simu wala asingoje Jumatatu. Aende hospitali siku ile ile, kwani dawa hufaa zaidi siku za kwanza. Na atakayepata matokeo mabaya kwa siku mbili mbalimbali, ayaandike karatasini ampelekee mganga wa masikio, na huku nyuma amwombe mwalimu dawati la mbele.