Uvimbe Mgongoni mwa Mtoto Mchanga si Jipu

Mtoto akizaliwa Mutomo au Kibwezi akiwa na uvimbe laini kiunoni, mfano wa puto lililojaa maji, wako watakaosema ni jipu na watakaosema ni laana ya ukoo. Si jipu wala laana. Ni ugonjwa uitwao mgongo wazi.

Uti wa mgongo umezungukwa na tando tatu zenye maji maangavu ndani yake. Katika siku 28 za mwanzo wa mimba, mgongo wa mtoto hujifunga. Usipojifunga sawasawa, mifupa huacha mwanya na tando huchomoza nje.

Katika aina moja, iliyo adimu, hutoka tando na maji peke yake. Mtoto huyo akipasuliwa vizuri, mara nyingi hutembea kama wenzake. Katika aina ya pili, uti na neva zimo ndani ya uvimbe. Miguu huweza kulegea, na mkojo na choo visizuilike. Ili kuzitofautisha, daktari huangalia ngozi ya uvimbe, nguvu za miguu na ukubwa wa kichwa, na ikiwezekana huagiza picha ya MRI.

Usitoboe uvimbe wala usiupake mitishamba. Vijidudu vikiingia hufika hadi kwenye ubongo na kuua. Mlaze mtoto kifudifudi au kwa ubavu, funika uvimbe kwa kitambaa safi, kisha mfikishe hospitali ya rufaa ya Kitui au ya Wote siku hiyo hiyo. Kutoka huko ataelekezwa kwa wapasuaji wa Kenyatta, Nairobi, au Kijabe.

Uvimbe usio na ngozi hufaa kufungwa katika saa 48 hadi 72. Mpasuaji hurudisha neva mahali pake, hushona tando, kisha misuli na ngozi. Neva zilizokwisha kuharibika hazifufuki. Baadaye kichwa kikikua upesi kupita kiasi, huenda maji yamejaa ubongoni, na hayo pia yana upasuaji wake.

Kinga ni vitamini iitwayo foliki asidi, miligramu 0.4 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi mwezi wa tatu. Tangu 2012 sheria ya Kenya huagiza itiwe katika unga wa pakiti. Lakini muthokoi, na unga unaosagwa kwa mashine ya kijijini, havina nyongeza hiyo. Kunde, mbaazi na ndengu husaidia, ila hazitoshi. Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Msomaji uliye mjini, ukipigiwa simu kwamba mtoto nyumbani kazaliwa na uvimbe mgongoni, usiseme utakwenda mwisho wa mwezi. Tuma nauli leo.